Robert Benoist: Dereva wa Mashindano Aliyerudi Kumwona Mama Yake

Mtu tunayemwandika leo hana sikukuu katika kalenda ya Kanisa, wala hatudai kwamba anastahili kuwa nayo. Alikuwa dereva wa magari ya mashindano, Mfaransa, na katika ujana wake alipata sifa ambazo zingetosha kumfanya mtu ajisahau. Aliuawa katika kambi ya Wanazi mwezi wa Septemba mwaka 1944. Tumeona vema kumweleza kwa wasomaji wetu kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wa Murangi na wa vijiji vyote vya kando ya ziwa wanaupenda mwendo. Wanapenda pikipiki na magari, nasi wakubwa tumezoea kuwaonya tu, bila kuwasimulia habari za mtu aliyeupenda mwendo kuliko wao akaufanyia kazi ya haki. Sababu ya pili ni siku moja katika maisha yake, siku ya Juni 1944, alipolazimika kuchagua kati ya mama yake na watu waliomtegemea. Habari hiyo tumeijadili sisi wenyewe kwa wenyewe, na mpaka tunaandika hatujakubaliana.

Robert Benoist alizaliwa tarehe 20 Machi 1895 huko Auffargis, kijiji kilicho karibu na msitu wa Rambouillet, kusini-magharibi mwa Paris. Baba yake alikuwa mtumishi wa tajiri Henri de Rothschild, na kazi yake ilikuwa kuwatunza wanyama wa kuwindwa katika mashamba ya bwana huyo. Kwa lugha ya wazee wetu wa Bunda, wanaoishi jirani na Serengeti, angeitwa bwana nyama. Robert basi hakuzaliwa katika nyumba ya watu wa magari. Katika miaka ile gari lilikuwa mali ya wenye fedha, na mtoto wa mtumishi alilitazama likipita.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyombadilishia njia. Alianza kama askari wa miguu, kisha akafundishwa urubani. Waliorudi hai kutoka angani walirudi na mambo mawili: ujuzi wa injini, na mazoea ya hatari ambayo maisha ya kawaida hayakuweza kuyatuliza. Vita vilipokwisha Benoist akapata kazi ya kujaribu magari mapya ya kiwanda cha de Marçay, halafu akaingia katika mashindano akiendesha magari madogo ya Salmson. Mwaka 1924 akachukuliwa na Louis Delage, mwenye kiwanda cha magari aliyetamani kushinda kila mahali na kila siku.

Inafaa msomaji afahamu mashindano ya wakati ule yalikuwaje. Dereva hakuwa na mkanda wa kumfunga kitini. Kichwani alivaa kofia ya kitambaa. Usukani ulikuwa mkubwa na mzito, na safari moja ya mashindano ilidumu saa nyingi, katika vumbi, mvua na mafuta yaliyomrukia usoni. Tarehe 26 Julai 1925, katika mashindano makuu ya Ufaransa kwenye uwanja wa Montlhéry, Mwitaliano Antonio Ascari alikuwa akiongoza katika gari la Alfa Romeo. Akagusa ua wa mbao ulioizunguka njia, gari likapinduka, naye akafa. Wenzake wakayaondoa magari yao uwanjani. Ushindi ukawaangukia Benoist na Albert Divo, walioendesha gari moja la Delage kwa kupokezana. Inasimuliwa kwamba maua waliyopewa washindi hawakuyapeleka nyumbani. Waliyapeleka mahali alipoangukia Ascari, wakayaweka pale.

Mwaka uliofuata Delage alileta gari jipya lenye injini ya silinda nane, dogo kwa ujazo lakini lenye nguvu za ajabu, lililobuniwa na mhandisi Albert Lory. Lilikuwa na kasoro moja ya kikatili. Bomba la kutolea moshi lilipita upande wa dereva, na joto lake likamchoma miguu. Agosti 1926, katika mashindano makuu ya Uingereza huko Brooklands, madereva wa Delage walilazimika kuruka nje ya gari, kutumbukiza miguu katika mabeseni ya maji, na kumwachia mwingine usukani. Hata hivyo mojawapo ya magari hayo lilishinda, na Benoist, akisaidiwa na André Dubonnet, alimaliza wa tatu. Baadaye Lory aliigeuza injini ili bomba lihamie upande wa pili. Tunaitaja habari hii kwa ajili ya mafundi wetu wa gereji. Ujuzi mkubwa mara nyingi huharibiwa na jambo dogo ambalo mbunifu hakulikalia yeye mwenyewe.

Gari likiwa limerekebishwa, mwaka 1927 ukawa mwaka wa Benoist. Alishinda mashindano makuu ya Ufaransa mwezi wa Julai, akashinda ya Hispania mwisho wa mwezi uleule, akashinda ya Italia huko Monza mwezi wa Septemba, tena akashinda ya Uingereza tarehe 1 Oktoba. Manne katika msimu mmoja, na kiwanda cha Delage kikatwaa ubingwa wa dunia. Nchini Ufaransa hapakuwa na mtoto wa shule asiyelijua jina lake.

Kisha, kama inavyotokea, sifa ikamalizika kwa sababu ya hesabu. Delage alikuwa ametumia fedha nyingi mno, naye akajiondoa katika mashindano. Bingwa akabaki bila gari. Benoist akawa meneja wa gereji kubwa jijini Paris. Kuna wengi ambao katika hali hiyo wangeishi kwa kusimulia ya jana. Yeye aliendelea na kazi, akishindana kila alipopata nafasi. Mwaka 1929 alishinda mashindano ya saa ishirini na nne ya Spa, nchini Ubelgiji, pamoja na Attilio Marinoni. Baadaye akajiunga na kampuni ya Bugatti, na Juni 1937, akiwa na umri wa miaka 42, alishinda saa ishirini na nne za Le Mans pamoja na kijana Jean-Pierre Wimille. Kwa mchana mmoja na usiku mmoja wawili hao walikwenda karibu kilometa 3,288. Ni mbali kuliko kutoka Musoma hadi Dar es Salaam na kurudi. Baada ya ushindi huo Benoist aliacha kushindana. Angeweza kustarehe.

Juni 1940 majeshi ya Hitler yaliingia Paris. Watu walikimbia kuelekea kusini kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mikokoteni. Inasimuliwa kwamba Benoist, akiwa katika gari lake la Bugatti, alikutwa barabarani na msafara wa Wajerumani, wakamwamuru aingie kati ya magari yao aende nao. Alitii kwa muda. Walipofika kwenye njia ya pembeni, akakata kona ghafla na kutoweka, na hapakuwa na gari la kijeshi ambalo lingeweza kumfuata.

Hapa tunaomba tukae kidogo, kwa maana vita ile haikuwa ya Wazungu peke yao. Kutoka mkoa wetu wa Mara walichukuliwa vijana wengi kuingia jeshi la KAR, lile ambalo wazee wanaliita Keya. Walipelekwa Uhabeshi na Burma. Mwaka 1942 askari wa Afrika Mashariki walipelekwa pia Madagaska, na huko waliopigana nao walikuwa Wafaransa. Jambo hili huwachanganya vijana wanapolisoma. Ufaransa ilikuwa imegawanyika. Serikali iliyokaa Vichy ilikuwa imekubali kushindwa na kufuata amri za Wajerumani, na wengi waliitii kwa sababu ilionekana kuwa serikali halali. Wengine walikataa. Kukataa hakukuwa jambo jepesi la kupiga kelele sokoni. Kulimaanisha kumficha mgeni chini ya dari, kubeba bunduki ndani ya gunia la viazi, na kujua kwamba ukikamatwa, jamaa zako watakamatwa pia.

Aliyemwingiza Benoist katika kazi hiyo alikuwa dereva mwenzake wa zamani, William Grover-Williams, mtoto wa baba Mwingereza na mama Mfaransa, mshindi wa kwanza wa mashindano makuu ya Monaco mwaka 1929. Waingereza walikuwa wameunda idara ya siri, SOE, ya kuwasaidia wapinzani katika nchi zilizotekwa. Mwaka 1942 Grover-Williams aliruka kwa parachuti usiku na kutua Ufaransa, akawatafuta watu aliowaamini. Benoist alikuwa wa kwanza kati yao. Silaha ziliangushwa kutoka angani, zikafichwa katika mali ya familia ya Benoist huko Auffargis. Msitu ambao baba aliulinda kwa ajili ya tajiri, mwana aliutumia kuficha silaha za ukombozi.

Mtandao huo ulivunjika katikati ya mwaka 1943. Aliyeanza kunaswa ni mtu wa simu ya upepo, yule aliyepeleka habari London, kwa maana Wajerumani walikuwa na magari yenye mitambo ya kutafuta mawimbi yanatoka nyumba gani. Tarehe 2 Agosti waliivamia nyumba ya akina Benoist na kumkamata Grover-Williams. Hakutoka tena mikononi mwao. Aliuawa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1945.

Siku chache baadaye Robert mwenyewe alikamatwa mtaani Paris. Polisi wa siri wakamweka katika kiti cha nyuma cha gari, Mjerumani huku na Mjerumani huku. Aligundua kwamba mlango mmoja haukufungwa barabara. Mtu aliyeshinda mashindano manne katika mwaka mmoja anajua gari likikata kona uzito wa watu huegemea wapi, na pengine aliingoja kona hiyo kama alivyozoea kuzingoja nyingine. Gari lilipogeuka alijitupa kwa nguvu zake zote juu ya mlinzi aliyekuwa upande wa mlango, wakaanguka wote wawili barabarani, naye akasimama akakimbia katika vichochoro. Alikuwa na miaka 48. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amevushwa kwa ndege ya usiku hadi Uingereza.

Angebaki kule, hakuna ambaye angemlaumu. Uso wake ulikuwa umechapishwa katika magazeti miaka kumi na zaidi, na kwa mtu wa kazi ya siri hilo ni balaa. Lakini mwezi wa Oktoba 1943 alirudi Ufaransa akiwa na cheo cha kapteni, akapelekwa upande wa Nantes. Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kuandaa watu wa kuangusha nguzo kubwa za umeme kwenye kisiwa cha Héron katika mto Loire, na kukata reli na nyaya za simu siku ambayo majeshi ya washirika yangetua pwani. Tukitafuta mahali pa kuiweka tarehe hiyo katika kumbukumbu zetu: tarehe 23 Desemba 1943 kijana Julius Nyerere wa Butiama alibatizwa Nyegina, na siku hiyohiyo Benoist alikuwa Ufaransa akiishi kwa jina lisilo lake.

Alirejea Uingereza kwa muda mfupi, kisha Machi 1944 akarudi kwa mara ya mwisho. Safari hii alikuwa na mwendeshaji wa simu ya upepo, Denise Bloch, binti wa familia ya Kiyahudi ya Paris. Msomaji apime jambo hili. Kwa Myahudi kuishi Ufaransa mwaka ule ilikuwa hatari ya kufa hata bila kufanya lolote. Yeye alikuwa amekwisha kufika salama Uingereza, akakubali kurudi. Wimille, mwenzake Benoist wa Le Mans, naye alikuwa pamoja nao. Tarehe 6 Juni majeshi ya washirika yalitua Normandy, na kila mtu aliona kwamba mwisho umekaribia.

Ndipo zikaja habari kwamba mama yake Robert yu mahututi jijini Paris.

Hapa ndipo tulipobishana. Paris ilikuwa imejaa polisi wa siri, na jina la Benoist walikuwa nalo. Sheria ya kazi yake ilikuwa wazi: mtu aliyewahi kukamatwa haendi mahali anapotarajiwa, na hakuna mahali ambapo mtoto anatarajiwa zaidi ya kando ya kitanda cha mama yake anayekufa. Mmoja wetu alisema kwamba Benoist alikosea, tena vibaya, kwa kuwa hakuuhatarisha uhai wake pekee. Kulikuwa na Denise, Wimille na mke wake, na wote waliokula na kulala chini ya ulinzi wa siri yake. Mwingine akauliza ni nani kati yetu, aliyelelewa katika nyumba za Mara, ambaye angeambiwa mama yake anakata roho naye akabaki alipo kwa sababu ya kanuni. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuandikiwa ubavuni kwamba inasimama wakati wa vita. Wa kwanza akajibu kwamba wale wengine nao walikuwa na mama zao. Tuliishia hapo, na chai ikawa imepoa.

Yeye alikwenda. Kabla ya kuondoka aliwaagiza wenzake waliokuwa katika nyumba ya Sermaise kwamba asiporudi kwa muda aliowawekea, waondoke mara moja. Tarehe 18 Juni alikamatwa Paris. Muda ukapita, hakurudi, na wale wenzake hawakuondoka. Labda walitumaini kwamba amechelewa tu. Mtu aliyejitupa nje ya gari la polisi huaminiwa kwamba atatokea. Kesho yake Wajerumani waliizingira nyumba. Denise Bloch alikamatwa. Wimille alikimbilia kijito kilichokuwa karibu, na inasimuliwa kwamba alilala majini akiacha pua tu juu, mpaka wawindaji walipochoka.

Tarehe 8 Agosti 1944 Benoist aliondolewa Paris kwa garimoshi pamoja na wafungwa wengine wa SOE, wanaume 37 waliofungwa minyororo wawiliwawili, na wanawake wachache katika behewa jingine. Njiani ndege za washirika, zisizojua ni nani waliomo, ziliishambulia treni. Walinzi wakaruka na kujificha, wakawaacha wafungwa wamefungiwa ndani na kiu ya siku za Agosti. Forest Yeo-Thomas, mmoja wa wale 37, alisimulia baadaye kwamba wanawake, miongoni mwao Violette Szabo, walitambaa na minyororo yao, wakawaletea wanaume maji huku risasi zikilia. Tarehe 25 Agosti Paris ilikombolewa, siku kumi na saba tu tangu treni ile ilipoondoka.

Walipelekwa Buchenwald, kambi iliyojengwa mwaka 1937 juu ya kilima karibu na mji wa Weimar, ambamo zaidi ya watu 56,000 walikufa kabla ya kufunguliwa Aprili 1945. Mwezi wa Septemba majina yakaanza kuitwa kwa makundi kupitia vipaza sauti. Walioitwa walinyongwa katika jengo la tanuri la kuchomea maiti. Robert Benoist alikuwa miongoni mwao, akiwa na umri wa miaka 49.

Waliookoka katika kundi lile ni wachache. Watatu waliokolewa kwa mpango wa siri uliosaidiwa na Eugen Kogon, mwandishi Mkatoliki kutoka Austria aliyekuwa mfungwa na karani wa daktari mmoja wa kambi. Wafungwa waliokufa kwa homa ya taifasi waliandikwa kwa majina ya wale watatu, nao wakaishi kwa majina ya marehemu. Yeo-Thomas alikuwa mmoja wao. Kogon na wenzake hawakuweza kuwabadilishia jina watu wote. Ilibidi wachague, na kila maiti ilitosha kumwokoa mmoja. Denise Bloch alipelekwa Ravensbrück, akauawa mapema mwaka 1945 pamoja na Violette Szabo na Lilian Rolfe.

Tarehe 9 Septemba 1945, vita ikiwa imekwisha, magari yalikusanyika tena Paris katika msitu wa Boulogne. Petroli ilikuwa adimu na magurudumu yalikuwa adimu zaidi. Mojawapo ya mashindano ya siku hiyo lilipewa jina la Robert Benoist. Katika shindano kubwa la siku ile, lililofanywa kwa heshima ya wafungwa wa vita, Wimille alichelewa kufika kutoka kazini jeshini, akaanzia nyuma ya wote katika gari la Bugatti, na akashinda. Alikufa mwaka 1949 akifanya mazoezi ya mashindano huko Buenos Aires.

Benoist hana kaburi. Kwetu sisi, tunaozika watu wetu karibu na nyumba ili watoto wajue mahali pa kusimama, hilo ni neno zito. Jina lake limeandikwa pamoja na majina ya wenzake 103 kwenye mnara wa Valençay, katikati ya Ufaransa, uliozinduliwa tarehe 6 Mei 1991. Jina la Denise Bloch lipo palepale.